Shimo la Mungu Halirukwi

Pikipiki iliyonipeleka Shimo la Mungu mara ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye madigadi ya nyuma: ZABURI 91. Dereva hakuvaa helmeti, na mimi sikupewa. Tulikata kona za mji wa Newala kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuhakikishiwa kila kitu, tukasimama hatua chache kutoka ukingoni, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kutanda chini. Siku isiyo na ukungu unaiona Msumbiji ng'ambo. Kijana akaegesha, akachukua simu yangu anipige picha nikiwa nimeupa mgongo utupu ule, kisha akaniambia nirudi nyuma kidogo ili itoke vizuri. Sikurudi.

Zaburi hiyo naipenda. Nimelala nayo usiku mwingi nikiwa mgonjwa, na sitamcheka mtu aliyeibandika mlangoni kwake. Ila ukiisoma ukiwa umesimama pale ukingoni, unakumbuka jambo ambalo madigadi hayana nafasi ya kulieleza: katika Injili ya Mathayo na ya Luka, anayeinukuu ni Shetani. Amempandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, amemwonyesha chini, anamtaka ajirushe kwa kuwa imeandikwa malaika watamdaka. Andiko ni la kweli. Msomaji tu ndiye mbaya, na ameruka kipande: zaburi inaahidi ulinzi katika njia anazopita mtu, na Shetani alipoinukuu hizo njia alizitupa nje. Anayejirusha hana njia anayopita.

Yesu alimjibu kwa andiko jingine, la Kumbukumbu la Torati sura ya 6, linalokataza kumjaribu Mungu. Wengi tunaishia hapo. Mstari ule una mkia: unataja Masa, mahali ambapo Waisraeli walimjia juu Musa jangwani, wakahoji kama Mungu yuko pamoja nao au hayuko. Na ugomvi wao ulianzia wapi? Kwenye maji. Mtu wa Newala hawezi kuupita mkia huo juu juu.

Uwanda wetu unapata mvua ya kutosha mihogo, mbaazi na mikorosho, lakini juu hakuna mto wala kijito. Mchanga hunywa mvua yote, na maji hujitokeza huko chini kabisa, kwenye miguu ya kingo. Wazee walikaa juu hata hivyo, kwa kuwa vichaka vya Makonde vilikuwa vigumu kwa wavamizi na wakamata watumwa. Gharama ya usalama huo waliilipa wanawake. Karl Weule, Mjerumani aliyekuja kuchunguza mila zetu na kukaa Newala mwaka 1906, aliandika habari za shida hiyo ya maji, na ukimsoma leo utadhani anamsema bibi yako. Tangu miaka ya 1950 kuna mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka Mitema, upande wa Kitangari, hadi huku juu. Bomba likitoa maji tunasahau. Likinyamaza wiki mbili, foleni ya ndoo inatukumbusha.

Bibi mzaa mama alikuwa wa enzi ya kushuka. Waliamka kabla jogoo hajawika mara ya pili, wakateremka kwa mstari kwenye kijia cha mawe, wa mbele akiwaonya wa nyuma kwa sauti penye utelezi. Huko chini walisubiri kisima kijae tena, wakachota kwa kibuyu, wakatandaza majani mabichi juu ya maji yasimwagike, wakakaza kata ya khanga kichwani na kuanza kupanda. Jua likichomoza wako katikati ya mlima. Bibi hakujua kusoma. Zaburi alizokuwa nazo alifundishwa na mwalimu wa kanisa, mstari kwa mstari, kwa kuitikia, na aliyoipenda kwa kupandia ni ya 121, ile ya mtu anayetazama milima akitafuta msaada wake.

Niliwahi kumtania kwamba mwenye ndoo kichwani hawezi kuinua macho atazame milima. Akasema ni kweli, yeye hakuwahi kuinua chochote pale zaidi ya miguu. Lakini zaburi hiyohiyo inaendelea kusema habari za mguu usioachwa uteleze, na huo ndio mstari aliokuwa anautumia. Sikuwa nimeuona. Nilikuwa nimeisoma shuleni, darasani, kwenye kiti.

Nikamuuliza tena, maana nilijua aliteleza siku moja, mtungi ukavunjika na jino likaenda nao. Je, siku hiyo zaburi ilisema uongo? Bibi hakupenda swali. Alinyamaza, akaendelea kubangua korosho zake, halafu akaniuliza yeye: nimewahi kuona wapi mtu akiacha kwenda majini kwa sababu jana aliteleza?

Tangu hapo najua ukingo ule unashukwa kwa namna mbili, na imani pia. Kuna kujirusha ukiwa na mstari mkononi, na kuna kushuka kwa miguu kila alfajiri ukiwa na mstari mdomoni. Kwa mbali zinafanana, kwa sababu wanaoshuka kwa namna zote mbili wanataja Mungu yuleyule na kurasa zilezile. Nafikiri makanisa yetu ya huku kusini sasa yanafundisha ya kwanza zaidi kuliko ya pili, na hilo linanisumbua, kwa sababu historia yetu yenyewe iliandikwa na watu wa aina ya pili.

Chukua Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Unguja kwa njia ya Lindi akiwa na watu wapatao hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Nia ilikuwa kuwasogeza kuelekea Ziwa Nyasa, kwa kuwa wengi wao waliibwa kutoka pande hizo. Walipofika Masasi, chini ya milima ile ya mawe, waliona ardhi nzuri na maji karibu, nao walikuwa wamechoka. Wakakaa. Kanisa la Masasi lilianza hivyo. Sisi tunaopenda kusimulia wito wa Mungu kwa ngurumo na maono tungetamani kisa chenye kishindo zaidi, lakini tulichopewa ni miguu iliyogoma kuendelea na watu waliosema hapa panatosha.

Steere, ambaye pia alitumia miaka mingi kuyaweka Maandiko katika Kiswahili, alifia Unguja mwezi Agosti 1882. Wiki chache baadaye, Septemba, Wangoni ambao huku waliitwa Magwangwara waliivamia Masasi. Walichoma, wakaua, wakaondoka na mateka. Nakuomba msomaji usimame kidogo kwa mateka hao. Mtu kaibwa akiwa mtoto, kauzwa, kakombolewa, kafundishwa kusali, karudishwa jirani na kwao, kajenga nyumba, kazaa, kapanda muhogo. Halafu kamba inamrudia shingoni. Na hawa walikuwa watu wa sala asubuhi na jioni. Kama Zaburi ya 91 ni hirizi, basi ilipimwa Masasi mwaka ule ikashindwa, na wahubiri wetu wawe na ujasiri wa kutwambia hivyo.

Padri W. C. Porter wa misheni alifunga safari kuwafuata mateka hadi nchi ya Wangoni, kwenda kuwakomboa. Hakuwarudisha wote. Waliobaki Masasi, wengi walihamia huku Newala wakakaa chini ya Matola, mkuu wa Wayao, na misheni ikaanza upya. Kwangu mimi, safari ile ya Porter na ile ya kuhamia Newala zinasema zaidi juu ya kumtegemea Mungu kuliko shuhuda nyingi ninazosikia redioni. Waliomba na nyumba zikaungua. Wakazika, wakabeba vilivyobaki, wakapanda mlima, wakasali tena jioni.

Baada yao akaja Cecil Majaliwa, naye mtoto wa utumwa, aliyesomeshwa Kiungani huko Unguja. Mwaka 1890 alipata upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo, na kwa takriban miaka kumi alitumika Chitangali, katika nchi ya chifu Nakaam. Alirudishwa na Injili kwenye nchi ambako watu kama yeye waliuzwa. Mahubiri ya siku hizi yangemwita Yusufu wetu na kumalizia na Yusufu kuwa waziri mkuu Misri. Majaliwa hakuwa waziri wa mtu yeyote. Alifundisha, akabatiza, akatembea vijiji.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo baadhi ya wenzangu kanisani hawapendi nilitaje. Mwezi Agosti 1905 Vita vya Majimaji vilifika Masasi. Wamisionari wa Kiingereza walikimbilia pwani, kituo cha misheni kikachomwa. Waliokuja walikuwa wamepewa maji ya dawa, wakiamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Kwenye mafundisho ya kipaimara nilisimuliwa habari hiyo kwa kicheko kidogo, kama kisa cha watu wa giza. Mimi sicheki. Watu wale walikuwa na sababu zote za kuasi: kodi, kazi za kulazimishwa mashambani, viboko vya maakida. Walitaka kitu cha kuwasimamisha mbele ya bunduki, wakapewa ahadi kwamba hawatadhurika. Wakaikimbilia. Kilichofuata, risasi kwanza na njaa baadaye, kiliua watu kwa makumi ya maelfu.

Na leo, katika miji ileile, mtu mwenye shahada yake ananunua chupa ya maji ya upako, ananyunyiza kwenye kizingiti cha duka, anataja mstari, anaondoka akiwa na hakika kwamba mkopo utalipika. Tofauti ya chupa hiyo na kibuyu cha 1905 naitafuta siioni, isipokuwa kwamba kile cha 1905 kilikuwa kwa ajili ya ukombozi wa wote na hii ni kwa ajili ya duka moja.

Ni rahisi kusema hivi ukiwa na mshahara. Mkulima wa korosho hana. Kuanzia Juni mikorosho inapochanua hadi minada ya Oktoba na kuendelea, maisha yake yote yako juu ya mti, na adui yake haonekani mpaka amekwisha kuingia: ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Dawa yake ni salfa, na salfa hupulizwa alfajiri, wakati umande bado uko kwenye majani na upepo haujaamka. Ukipita mashambani saa kumi na moja utasikia mashine zikinguruma gizani, na kukicha utakutana na vijana wanarudi, nyusi za njano, macho mekundu, wanatema mate pembeni mwa njia. Wamefunga pua kwa kitambaa. Kwa miaka mingi salfa hiyo ilikuwa ya kukopwa.

Mwaka mmoja alikuja huku mhubiri kutoka mjini na mafuta ya kumimina kwenye mashina ya mikorosho. Mama yangu alinunua chupa. Niliposikia nilipanda basi kutoka Masasi nikiwa nimeandaa hotuba nzima, yenye nukuu za Biblia. Nikamkuta amekwisha kuyamimina, shina la kwanza hadi la mwisho, na kijana wa mashine naye amekwisha kuitwa, salfa iko ukumbini kwenye mifuko. Nikamuuliza sasa mama, unamwamini nani? Akasema mafuta ameyamimina ili yule mhubiri asije akasema mikorosho yake imekufa kwa kukosa imani. Salfa anapuliza ili isife. Hotuba yangu ikaishia hapo. Mama aliomba pia, jioni ile, sala ndefu kuliko kawaida, na sehemu kubwa ya sala hiyo ilikuwa juu ya mapafu ya kijana wa mashine.

Msimu ambao ulitupima kweli ni wa 2018. Mwaka uliotangulia bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, na watu waliezeka mabati kwa matumaini. Halafu wanunuzi wakaja na bei ya chini, wakulima wakaikataa, na mwezi Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Bei ilikuwa njema. Malipo kwa wengi yalichelewa, wengine wakavuka mwaka wakingoja uhakiki. Januari watoto wanakwenda kidato cha kwanza. Daftari na sare havingoji uhakiki. Hapo ndipo kangomba, walanguzi wa korosho, wanapopata neema: wananunua kwa kopo, kwa bei ya huruma yao wenyewe, ila wana fedha mkononi.

Kanisani tulihubiriwa tusiwauzie kangomba. Sawa. Jirani yetu aliuza, kidogokidogo, usiku, na binti yake akaripoti shuleni kwa wakati. Nilimsikia mtu akisema jirani huyo hakumtegemea Mungu. Mimi ningependa kujua huyo msemaji alimpelekea daftari ngapi. Jangwani Waisraeli walikatazwa kuweka mana hadi kesho, na iliyowekwa ilioza. Lakini mana ya leo ilikuwepo, kila asubuhi, mbele ya hema. Kuchukua fundisho la mana na kumpiga nalo mtu ambaye hema lake halina kitu asubuhi ya leo ni kuruka kipande, kama yule wa kinara cha hekalu. Mjomba wangu, ambaye ni Mwislamu kama nusu ya ukoo wetu, ana namna yake ya kusema haya: kwake tawakali bila jembe ni uvivu, na jembe bila tawakali ni kiburi, na vyote viwili bila kumkopesha jirani unga ni kelele.

Katika miezi hiyo kikundi chetu cha Jumatano kilikuwa kinasoma Habakuki. Hatukupanga, zamu yake ndiyo ilikuwa imefika, kwa sababu sisi tunasoma kitabu kizima, sura baada ya sura, hata zile za majina ya watu, na hatuchagui mistari. Huo ndio utaratibu aliotuachia katekista wetu wa zamani, mkali, aliyekuwa akisema mstari mmoja peke yake ni kama mtu aliyekutwa usiku hana mwenyeji. Tukafika mwisho wa sura ya 3, pale nabii anapohesabu miti isiyozaa, mashamba yasiyotoa chakula na mazizi matupu, na bado anasema atafurahi katika Bwana. Mzee mmoja aliongeza mikorosho kwenye orodha ya nabii, kwa sauti, bila kuomba ruhusa. Kisha akina mama wakaanza kutaja majina ya nyumba ambazo siku hiyo hazikupika, nani ana mihogo ya kugawa, na nani anaweza kwenda porini kuchimba ming'oko. Sala ya kufunga ilisahaulika kabisa. Hakuna aliyeikumbuka hadi watu wameshafika majumbani.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na nilihisi kwamba hicho ndicho Neno lilichotakiwa kufanya. Korosho hazikulipwa usiku ule wala mwezi ule. Lakini nabii aliyeishi mbali namna ile, akiongea juu ya mizeituni ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona, alitupa ruhusa ya kusema kwa sauti kwamba hali ni mbaya bila kuonekana tumeasi. Katika makanisa mengi leo ruhusa hiyo haipo. Ukisema umefilisika unaambiwa usijikiri vibaya.

Sasa tuko Yeremia, na wiki hii tulikuwa sura ya 32. Wababeli wamezingira Yerusalemu, nabii mwenyewe yuko kifungoni, na binamu yake Hanameli anakuja kumtaka anunue shamba huko Anathothi, ambako adui amekwisha kufika. Yeremia ananunua. Shekeli 17 za fedha, mashahidi wanatia saini, Baruki anachukua hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, anaziweka kwenye chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Kwa wakulima wa huku, ambao tangu 2007 wanaishi na mfumo wa stakabadhi ghalani, hakukuwa na haja ya kufafanua thamani ya karatasi. Kilichozua mjadala ni kwamba Yeremia anaomba baada ya kulipa. Analipa kwanza, anahifadhi hati, ndipo anamgeukia Mungu kama mtu asiyeelewa: mji umetiwa mikononi mwa adui, na wewe umeniambia ninunue shamba. Mwalimu mstaafu alisema huo ni utaratibu mbaya, mtu aombe kabla ya kununua. Mama mmoja akamjibu kwamba neno la Bwana lilimjia kabla, na kwamba kutii na kuelewa havikuwahi kuahidiwa kuja na gari moja.

Yule mzee aliyeongeza mikorosho kwenye Habakuki hakuwa anasikiliza. Alikuwa amerudi kwenye mstari wa fedha, kidole juu ya ukurasa. Akauliza ile mizani iliyopimia shekeli 17 ilikuwa ya muuzaji au ya mnunuzi. Tukaangalia. Aliyepima ni Yeremia, mnunuzi.

"Basi," akasema, akifunga Biblia yake, "na Hanameli naye alikuwa mtu wa imani."